Kibubu, mchezo, dhahabu au watu: kipi kinatuliza hofu ya umaskini?

Huku kwetu pwani ya kaskazini hofu ya umaskini ina msimu wake. Malindi, hoteli hujaa kuanzia Disemba hadi Machi na huchangamka tena Julai na Agosti. Masika yakishuka Aprili wageni hutoweka, hoteli nyingine hufunga milango, na mhudumu aliyekuwa akirudi na bakshishi kila usiku hubaki nyumbani akihesabu siku. Lamu, mvuvi hupata wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini. Kusi, upepo wa kusini, likikaza bahari huchafuka na vyombo vidogo hulala pwani. Hata mwenye kazi anajua kwamba miezi ya kukosa inakuja, na anaijua kwa majina.

Hapo ushauri humiminika. Weka benki. Ingia mchezo, yaani upatu wa kuchangiana kwa zamu. Nunua dhahabu. Saidia watu nao watakusaidia. Kila mshauri husema lililomfaa yeye, na wengi hupima kwa faida tu. Mimi naona faida ni swali la pili. La kwanza ni unaogopa nini hasa, kwa sababu kinga inayomlaza mtu mmoja usingizi humkesheza mwingine mwenye kipato kilekile. Mchezo humwokoa mama wa mahamri mtaani Shella, Malindi, ukamtesa jirani yake anayeuza juisi hatua chache kutoka hapo. Basi nitazilinganisha kinga nne, kibubu, mchezo, dhahabu na watu, kwa kazi moja: zinaifanyia nini hofu.

Hofu zenyewe ni tatu

Ya kwanza ni hofu ya kukosa: unga, kodi ya nyumba, karo, tokeni za stima. Iko karibu, inahesabika, na inakula akili. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha utafiti juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao pesa zao nyingi huja kwa mkupuo baada ya mavuno. Mkulima alipopimwa kabla ya mavuno, mkononi hana kitu, alishindwa maswali ya kufikiri ambayo yeye huyohuyo aliyafanya vizuri zaidi baada ya kulipwa. Akili yake ilikuwa ileile; sehemu kubwa ilikuwa imeshikwa na madeni. Mvuvi wa Faza katikati ya kusi yuko katika hali hiyo, na nadhani ndiyo maana mikopo mibaya mingi na mauzo ya haraka ya vitu vya thamani hufanywa mwezi wa sita. Mwili nao hushiriki. Utafiti mwingine wa 2013, uliofanywa hapa Kenya na Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer, ulikuta kwamba mvua zikikosekana, kotisoli, ambayo ni homoni ya msongo wa mawazo, hupanda kwa wakulima.

Ya pili ni hofu ya kuporomoka. Huyu anacho, na anachoogopa ni kukipoteza. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Vipimo vyao vya baadaye vilikadiria uzito wa hasara kuwa kama mara mbili. Kwa hiyo mwenye duka Lamu mjini anaweza kuwaza umaskini kuliko mchukuzi wa gati, wala hajidai. Tena ana sababu. Anirudh Krishna na wenzake, katika utafiti waliouchapisha 2004 juu ya vijiji 20 vya magharibi mwa Kenya, waliuliza kaya zilizoingia katika umaskini ziliangushwa na nini. Yaliyotajwa zaidi yalikuwa maradhi na gharama zake, pamoja na gharama za mazishi. Watu hawakuporomoka kwa kununua sukari nyingi.

Ya tatu ni hofu ya aibu, nayo ndiyo isiyosemwa. Mwanauchumi Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba katika sehemu kubwa ya Ulaya kibarua angeona haya kutoka mbele za watu bila shati la kitani, ingawa shati hilo halikuwa lazima kwa uhai. Sisi tuna kanzu ya Idi, sare ya leso za arusi, mchango unaosomwa kwa sauti mbele ya wote, na mtoto anayerudishwa nyumbani kwa karo darasa zima likitazama. Mwenye hofu hii anaweza kulala na njaa na asiombe. Anaweza pia kukopa ili aonekane, na hapo hofu ya tatu humtia mikononi mwa ya kwanza.

Wengi tuna zote tatu, lakini moja huwa juu. Kuijua ni rahisi: unapoamka saa tisa usiku, ni picha gani inayokuja? Sufuria tupu, kitanda cha hospitali, au uso wa mtu fulani akikutazama?

Kibubu, na kibubu cha simu

Kibubu kina sifa ambayo watu wa benki huidharau: kipo karibu. Kwa mwenye hofu ya kukosa, ukaribu huo ndio dawa yenyewe.

Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilijaribu jambo hili magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo 2013. Waliwapa watu wa vikundi vya mzunguko njia mbalimbali za kuweka pesa za afya. Wengine walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukakaa kwa msimamizi wa mradi mpaka fedha zitimie. Ungetarajia la pili lishinde, maana haliguswi. Likashinda la kwanza: mahali salama tu pa kuweka pesa paliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66, na sanduku lililofungwa na mwingine halikuleta tofauti kubwa kwa watu wengi. Sababu inaeleweka na yeyote aliyewahi kuuguliwa na mtoto usiku. Pesa usizoweza kuzifikia siku ya dharura hazikutulizi, zinakuongezea wasiwasi.

Sanduku lile pia liliwapa watu neno la kujibu. Pesa ikiwa mfukoni ni ya kila mwenye shida ndogo. Ikiwa sandukuni ina kazi yake, na mtu anaweza kusema "hiyo ni ya hospitali" bila kusema uongo.

Leo kibubu cha wengi ni simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, M-Shwari, ya akiba na mikopo, ikafuata Novemba 2012, na mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, anaweza kuweka Sh50 bila kupanda mashua. Lakini simu ina tabia mbili ambazo sanduku halina. Inakuonyesha salio kila ukitaka, na mwenye hofu hutaka kila saa. Tena akiba na mkopo vimekaa mlango mmoja: palepale unapoweka, ndipo unapovutwa ukope. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hukupitisha pale salio linapoisha, na kwa shida ya siku moja inafaa. Ikiwa kila pesa inayoingia inaanza kwa kulipa ya jana, hiyo si kinga tena. Mwenye hofu ya kukosa aiweke akiba ya simu kwenye laini nyingine, isiyotumika kununulia chochote.

Kwa hofu ya kuporomoka, kibubu ni kidogo mno. Elfu nane hazimtulizi anayewaza upasuaji. Kwa hofu ya aibu, kibubu ni kizuri kwa sababu hakuna anayekijua. Lakini usiri huo unawaficha pia wale ambao wangeweza kukusaidia.

Mchezo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mchezo ndio unaosifiwa kuliko vyote na ndio unaoeleweka vibaya kuliko vyote. Uite upatu, uite chama cha mzunguko, kazi ni moja: watu kumi, kila mmoja Sh500 kwa wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na Sh5,000.

Hesabu ni sawa kwa wote, ila nafsi haziko sawa. Anayepokea wa kwanza amepewa mkopo usio na riba, jambo kubwa kwa Mwislamu anayeiepuka. Anayepokea wa mwisho ameweka akiba kwa wiki kumi mikononi mwa wenzake. Wa kwanza hulala vizuri wiki hiyo, kisha hubaki na wiki tisa za kulipa kitu alichokwisha kukitumia. Wa mwisho hukaa na mashaka wiki tisa, kisha hupata furaha ambayo wa kwanza ameshaisahau. Kwa hiyo usiulize tu kama mchezo ni mzuri. Uliza zamu ipi inafaa hofu yako.

Watu hugombania zamu ya kwanza. Kwa mfanyakazi wa hoteli Malindi naona zamu ya mwisho ina thamani kubwa zaidi, ikiwa mzunguko umepangwa kwa msimu. Watu 16 wakianza wiki ya kwanza ya Disemba, zamu zinaisha kabla ya Machi kwisha. Aliyeshika mwisho anapokea pesa hoteli zikiwa karibu kufungwa, na Aprili inamkuta na kitu. Aliyeshika ya kwanza alipokea Disemba, wakati pesa ilikuwa ikija hata bila mchezo, nazo zikaenda kwenye sikukuu.

Pana sharti hapa, na wengi hulipuuza. Wanamchezo wote wakiwa wahudumu wa hoteli moja, siku hoteli inafunga wote wanakauka pamoja, na aliye mwisho hana wa kumdai. Machi 2020 ndege ziliposimama na amri ya kutotoka usiku ikatangazwa, wahudumu, madereva wa watalii na wachuuzi wa vinyago wa Malindi walikosa kazi kwa wakati mmoja. Mchezo wenye mwalimu, muuza samaki, fundi cherehani, muuguzi na mhudumu una nguvu ambayo mchezo wa marafiki wa idara moja hauna. Tunapenda kucheza na tunaofanana nao kwa sababu tunawaamini. Imani hiyo ni ya kweli, lakini haibadilishi ukweli kwamba njaa yenu itawajia nyote siku ileile.

Kwa hofu ya kuporomoka, mchezo husaidia njia moja tu: huleta fungu kubwa linaloweza kununua kitu cha kudumu. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, waliofuatilia watu wa Rarieda, Siaya, waliopewa pesa bila masharti, walikuta (2016) kwamba waliopokea kidogokidogo kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliopokea kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Mchezo ni mkupuo. Ukitaka jokofu la kuuzia maji baridi, nyavu mpya au mabati, ingia. Ukitaka tu unga usikose Juni, mkupuo unaweza kuteleza, na afadhali kibubu.

Kwa wanawake pana faida nyingine. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walichunguza michezo ya Kibera, Nairobi, na katika makala yao ya 2002 walieleza kuwa wake wengi hujiunga ili fungu la akiba lisiishie kwenye matumizi ya mume. Pesa ya mchezo haipo nyumbani, na mume hawezi kugombana na wanawake kumi na tano. Ni ulinzi wa heshima, usiohitaji maneno.

Sasa upande mchungu. Kinachoufanya mchezo ulipwe ni aibu. Hakuna karani, hakuna mahakama. Kuna macho ya wenzako. Kwa mtu wa kawaida macho hayo ni msaada, yanamlazimisha kuweka asichoweza kuweka peke yake. Kwa mwenye hofu ya aibu, kila Ijumaa inakuwa mtihani. Atakopa Sh500 kwenye simu ili alipe Sh500 ya mchezo. Ataacha kununua dawa. Kusi likivuma na mume hajaenda baharini wiki mbili, atazunguka njia nyingine asipite kwa Bi mkubwa anayeshika pesa. Mtu huyu mchezo haumwekei akiba, unamuuzia hofu mpya. Akiwa lazima aingie, aingie unaosema tangu mwanzo kwamba michango hupungua nusu au husimama miezi ya kusi, na kwamba aliyekwama atamwambia mshika mchezo faraghani, si mbele ya wote. Vikundi vinavyokubali masharti hayo vipo, na naamini vyote vingekubali kama kungekuwa na mtu wa kuyasema siku ya kwanza.

Dhahabu, na mali nyingine ya kushika

Bangili za mama, mkufu wa arusi, herini za karati 21. Dhahabu ni kinga bora ya hofu ya kuporomoka kuliko nyingine hapa, hasa kwa mwanamke, kwa kuwa ni mali yake mwenyewe, haimegwi na mwenye kuja kukopa Sh200, na haihitaji saini ya mtu. Ndoa ikivunjika inaondoka naye.

Ina udhaifu wake. Sonara akikununulia hakulipi ufundi wala vito, hulipa uzito na karati. Ukinunua leo ukauza mwezi ujao umeshapoteza. Bei hupanda na kushuka na soko la dunia na thamani ya shilingi. Na kuna jambo la moyo: hasara huuma maradufu, na kuuza bangili aliyoivaa mama yako ni hasara juu ya hasara. Nimewaona watu wakichelewesha matibabu huku mkufu uko sandukuni. Kwa hiyo anayenunua dhahabu kama kinga atenganishe: hii ya kumbukumbu, na hii ya kuuzwa, na ile ya kuuzwa iwe nyepesi, isiyo na hadithi, na stakabadhi yake ihifadhiwe.

Bara ya Malindi, kwa Wagiriama wa Jilore au Marafa, nafasi hii inashikwa na mbuzi na minazi. Mbuzi huzaa, jambo ambalo dhahabu hailiwezi, lakini ukame wa kuanzia 2020 uliwafundisha wengi kwamba mali hii huanguka siku ileile unapoihitaji: malisho yamekwisha, kila mtu anauza, na mbuzi aliyekonda hana bei.

Benki na sacco nitazipita upesi, kwa kuwa sifa zake zinajulikana. Benki ndiyo pekee kati ya hizi yenye bima ya amana, mpaka Sh500,000 kwa kila mweka pesa katika benki moja, na kwa asiyetaka riba zipo benki za Kiislamu. Sacco hukupa nguvu ya kukopa kwa kiasi cha akiba yako. Zote zinamfaa mwenye hofu ya kuporomoka. Mwenye kukosa cha leo hazimsaidii sana.

Watu

Wazee wetu hawakuwa na bima, walikuwa na watu. Ukimvusha mwenzako kusi hili, naye atakuvusha lijalo. Kinga hii bado ni kubwa, na imethibitishwa. William Jack na Tavneet Suri walionyesha 2014 kwamba kaya za Kenya zisizokuwa na M-Pesa zilipopatwa na msukosuko, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7, na zile zilizokuwa nayo hazikushuka, kwa sababu zilitumiwa pesa na watu wengi zaidi, wa mbali zaidi. Kilichozibeba ni ndugu, simu ilikuwa njia tu.

Lakini mkono unaopokea ndio unaoombwa. Pamela Jakiela na Owen Ozier, katika jaribio lao la vijiji vya magharibi mwa Kenya lililochapishwa 2016, waliona wanawake wakiacha faida kubwa zaidi ili tu jamaa zao wasijue wamepata kiasi gani. Yaani walilipia siri. Kila aliyewahi kupokea mshahara wa kwanza katika ukoo mkubwa anaelewa. Mwenye hofu ya kukosa anayeishi kwa kutoa kila anachopata anajikuta hana akiba na hana uhakika, maana wale aliowapa wengi wao ni maskini kuliko yeye. Kanuni ninayoipenda ni kuweka fungu la watu mapema, kiasi kinachojulikana kila mwezi, na fungu hilo likiisha unasema limeisha. Anayesikia "mwezi huu nimeshatoa, mwezi ujao nitakutazama" haoni amefukuzwa.

Watu si jamaa tu. Bandari ya Lamu ilipojengwa, uchimbaji wa mkondo uliharibu maeneo ya uvuvi, na hakuna kibubu wala mkufu ambao ungeweza kuizuia hasara hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Walifika huko kwa kusimama pamoja. Mvuvi mwenye hofu ya kuporomoka anayeshiriki mikutano ya kamati ya ufuo wake ana kinga ambayo hesabu za akiba hazionyeshi.

Kwa hofu ya aibu, watu ndio sumu na ndio dawa. Mmoja anatosha: shangazi, rafiki wa madrasa, jirani wa Langoni, mtu unayeweza kumwambia "leo sina" na mazungumzo yakaendelea.

Kama ningekuwa nawachagulia

Mhudumu wa hoteli Malindi, hajaoa, anaogopa Aprili hadi Juni: kibubu cha laini ya pili kuanzia Disemba, na mchezo mmoja mchanganyiko akiomba zamu za mwisho. Afanye hesabu ya kusi kwanza. Chakula Sh400 kwa siku ni Sh12,000 kwa mwezi, kodi Sh4,000, stima na maji Sh1,000, cha kumpelekea mama Sh3,000. Jumla Sh20,000, miezi mitatu Sh60,000. Kama kwa vibarua atapata nusu, anachohitaji ni Sh30,000. Hofu isiyo na namba haina mwisho, na Sh30,000 zinaweza kufikiwa.

Mwenye duka Lamu anayewaza maradhi: asijaze kibubu. Kwanza SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa wasio na mshahara kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi kwa kaya, na hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja, kwa hiyo zitengwe wakati wa kaskazi. Kisha amana benki, na dhahabu kidogo ya kuuzwa. Mchezo kwake ni wa ujirani, akipenda.

Mama anayeogopa kuonekana ameshindwa: asiingie mchezo mpya mwaka huu. Kibubu, na mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Michango ya arusi aipangie kikomo kabla msimu wa arusi haujaanza, aitoe mapema kabla haijasomwa ya wengine.

Na yule ambaye hakuna kinachomtosha

Yupo mtu ambaye vinne vyote anavyo na bado hofu haijamtoka. Alilala njaa utotoni, au alimwona baba yake akitolewa vyombo nje. Alisema Sh50,000 zikifika atatulia. Zilipofika akasema laki. Hawezi kununua viatu. Watoto wanakula vibaya na akiba inakua. Kumwambia aongeze akiba ni kumpa kitu ambacho tayari kinamdhuru.

Kwa Waislamu, aya ya 268 ya Suratul Baqara inasema shetani ndiye anayetuahidi ufukara, na wapo wanaoichukua aya hii kumwambia mwenye hofu kwamba imani yake ni dhaifu. Naona ni kumwonea. Sa'd bin Abi Waqqas, swahaba, alipotaka kuusia mali yake, Mtume alimruhusu theluthi tu, akamwambia kuwaacha warithi wakijitosha ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Kuwaza kesho ya watoto ni halali. Tatizo ni pale kesho inapoila leo yote.

Huyu aanze na kikomo kilichoandikwa, kama ile hesabu ya kusi, na mtu mwingine akishuhudie. Kikishafikiwa, kinachozidi kina kazi nyingine: viatu, chakula kizuri, sadaka. Mara ya kwanza kutumia kutamuuma kwelikweli, na maumivu hayo si dalili kwamba anakosea. Ikiwa usingizi umepotea wiki nyingi, kifua kinabana, au anawaza kujidhuru, hilo linahitaji tabibu na mshauri, si mhasibu. Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu ya bure ya ushauri, 1199, na imamu au mchungaji mwenye busara anaweza kumsindikiza mpaka hospitali.

Mwisho ni wanandoa, kwa sababu ugomvi mwingi wa pesa nyumbani ni wa hofu mbili tofauti. Mume wa Matondoni anaogopa kukosa, anataka pesa karibu. Mke anaogopa kuporomoka, anataka zifungiwe. Kila mmoja humwona mwenzake hana akili. Wagawe: fungu la kusi kwa namba waliyoihesabu pamoja liwe karibu, mikononi mwa anayeogopa kukosa, na kinachozidi kiende benki au kwa sonara kwa jina la anayeogopa kuporomoka. Na wakae wafanye hesabu hiyo Novemba, pesa inapoanza kuingia na vichwa vikiwa vyepesi, wasingoje mwezi wa sita.